Dakika Tano za Mejumaa

Tiwi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Saumu,

Usiipekue barua hii ukitafuta orodha. Mambo ya sweta, ya baridi ya Nairobi, ya kufunga mkoba vizuri ukishuka kwenye basi, hayo nimemwachia baba'ko, na najua atayasema yote mara tatu kesho kabla hujavuka feri. Mwache ayaseme. Mimi nimekaa hapa ukumbini, nyinyi wawili mmekwenda Ukunda kununua kufuli la sanduku, na nina hasira kiasi kwamba nimeivunja kalamu ya kwanza. Hii ni ya pili. Ukiona mwandiko umebadilika, sababu ni hiyo.

Nataka nianze na Alhamisi, siku ya dua yako ya kuagwa kwenda chuoni.

Unakumbuka shangazi yako alivyokuuliza mbele za watu, pilau bado iko mdomoni: "Saumu we, kazi zote za hospitali, umeona hiyo ya kulaza watu usingizi tu?" Ukajibu kwa sauti, na sauti yako unajua ilivyo, imetoka kwa baba'ko: "Nataka kuwa kama Mama. Mama hutia mpira wa hewa kooni mwa mtu kabla hujamaliza kusema Bismillahi!"

Watu wakacheka. Mimi nikafanya nini? Nilikuwa mwenyeji, tena mnene, tena nimevaa leso mpya. Nikashika mwiko na chupa ya sharubati, nikawaonyesha: "Hivi! Kisha hivi! Kwisha!" Vifijo. Mtu akasema Mama Usingizi hana mfano Kwale nzima. Na aliyepiga makofi kuliko wote, amekaa mkekani na mjukuu wake mapajani, alikuwa Bi Mwanasiti wa Munje.

Tangu pale sina raha. Nilicheka mpaka wageni wakaondoka, kisha nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Wewe ukaniuliza, "Mama, mbona unazigombeza sufuria?" Sasa nakujibu.

Bi Mwanasiti unamjua kwa samaki wake. Kila Idd analetwa na mpwawe, amefunga pweza na changu ndani ya makuti, anashuka na kale kasichana kake, somo yangu aliyepewa jina langu, Mwanakombo mdogo. Wewe ndiwe unayekapenda kuliko sote, unakasuka nywele, unakaita "mama mdogo". Mimi nampa somo yangu gauni, yeye ananipa mkono kwa shikamoo, bibi yake anasema, "Mshike somo yako, huyu ndiye aliyekutoa." Nyumba nzima inatabasamu. Hukupata kuuliza kwa nini mimi sili wale samaki. Nilisema wananiwasha. Mtu wa Tiwi, aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini, samaki wamwashe! Na mkaniamini, wewe na baba'ko. Nimewadanganya watu wawili wenye akili kwa uongo ambao mtoto wa madrasa angeucheka.

Mama yake kale kasichana, binti wa Bi Mwanasiti, aliitwa Mejumaa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano wakati ule, nami nilikuwa bado katika ile hospitali ndogo ya misheni iliyokuja kufungwa. Mejumaa alikuwa na miaka ishirini na mbili, mimba ya kwanza. Aliletwa kutoka Munje amevimba uso, presha iko juu, ameshashikwa na kifafa cha mimba mara mbili. Mkunga alimpa dawa, degedege likatulia. Ikaamuliwa apasuliwe, mtoto atolewe. Sindano ya ganzi ya mgongoni haikumfaa kwa hali aliyokuwa nayo, kwa hiyo ilikuwa lazima nimlaze kabisa na kumtia mpira wa hewa.

Sasa nisikilize, maana hili utafundishwa chuoni kwa maneno mazuri kuliko yangu, nawe utaliandika daftarini na kupigia mstari, kisha utadhani umelijua. Mtu aliyelala kwa dawa hajui lolote, lakini mwili wake unajua. Ukipenyeza kile chuma chenye taa kuuinua ulimi, ukaligusa koo, mwili unashtuka. Moyo unapiga mbio, presha inapaa. Kwa mtu mzima wa afya haidhuru, ni kama mtu aliyeitwa kwa ghafula, anashtuka kisha anatulia. Kwa mwanamke wa kifafa cha mimba mishipa ya kichwani ni kama mpira wa maji uliokaa juani miaka, nawe ndiwe unayefungua bomba mpaka mwisho. Ndiyo maana kuna dawa ya kutangulia, ya kuushika moyo na kuizuia presha isipande wakati ule. Unampa kidogo, unangoja, unapima. Ikibidi unaongeza, unangoja tena. Ndipo unapomlaza na kushika chuma. Dawa tuliyokuwa nayo ilitaka dakika tano.

Ilikuwepo, Saumu. Usije ukaambiwa na mtu kwamba hospitali yetu ilikuwa fukara. Ilikuwepo. Niliivuta mimi mwenyewe kwenye sirinji, nikabandika plasta, nikaandika jina la dawa kwa kalamu, nikailaza kwenye sinia upande wa kulia. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Lakini kabla ya sirinji ile kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonifanya nitamani kujipiga konde. Tulikuwa na mchezo pale thieta, chumba cha upasuaji. Mzee Salim, aliyekuwa akisukuma vitanda na kuosha vyombo, alikuwa akihesabu. Nikishika chuma tu, anaanza: moja, mbili, tatu. Mpira ukiingia ananyamaza. Nilianza na thelathini, nikashuka hadi ishirini, nikafika kumi na moja, na ile kumi na moja iliandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa kabati. Wauguzi kutoka wodi nyingine walikuja kuitazama. Mimi, mtoto wa mkata makuti, jina langu liko mlangoni! Usicheke. Au cheka, mimi nilikuwa nacheka.

Siku ile daktari mpasuaji alikuwa yule wa kuja mara mbili kwa wiki, kutoka bara. Akasimama mlangoni ameshanawa, mikono juu, maji yanamtiririka viwikoni.

"Twende, twende, Mama Usingizi. Kwani leo umelala wewe?"

"Nataka kumpa dawa ya presha kwanza, daktari. Dakika tano."

"Tano? Kuna wageni wananingoja hotelini Diani. Mtoto anahitaji kutoka, si mama kulala."

Mkunga akasema, polepole, maana alikuwa mtu wa haya: "Mapigo ya mtoto ni mazuri, daktari. Nimeyasikiliza sasa hivi."

Mzee Salim, naye hakuwa na ubaya, alitaka kuchangamsha chumba tu, akasema: "Mwacheni, leo mikono imezeeka. Leo tutapita hata ishirini."

Wakacheka wote, na Mejumaa naye, amelala pale mezani na uso wake uliovimba, akatabasamu kwa sababu watu wazima wanacheka. Akaniambia, "Bi, usiwasikilize." Ndilo neno la mwisho alilosema duniani, mwanangu, na lilikuwa la kunitetea mimi.

Nikamsikiliza nani? Nikamwambia daktari, "Haya, tazama basi." Nikaiacha ile sirinji pale pale kwenye sinia. Nikamlaza. Nikashika chuma.

"Moja," akasema Mzee Salim.

Alipofika tisa mpira ulikuwa umeingia. Tisa! Akapiga kofi la paja. Mtu akasema mashallah. Nami, nakuapia, nilitabasamu ndani ya barakoa yangu. Kisha nikaitazama zebaki ya kipimo cha presha. Ilikuwa imepanda mpaka nikadhani mashine imeharibika. Nikapima tena. Mashine ilikuwa nzima. Ndipo nikaidaka ile sirinji na kumtia dawa mbio mbio, kama mtu anayefunga mlango wa zizi na ng'ombe wameshafika barabarani.

Mtoto akatolewa akilia vizuri. Daktari akashona, akanawa, akaenda kwa wageni wake. Nilipomfunua Mejumaa macho, mboni moja ilikuwa kubwa, nyingine ndogo. Damu ilikuwa imemwagikia ndani ya kichwa. Hakuamka. Siku ya tatu, asubuhi, akafa.

Na bado sijafika kwenye hasira yenyewe.

Hasira yenyewe ni karatasi. Unajua ile chati yetu ya usingizi, yenye vijisanduku, kila baada ya dakika tano unatia nukta ya presha ilipo. Sikuwa nimetia nukta, mikono ilikuwa na kazi. Nilizitia baadaye, nimekaa kwenye kibao, na zikawa nzuri, zimelala sawasawa kama shanga. Ile iliyopaa sikuiandika. Saa ya kupewa dawa nikaiandika kabla ya mpira. Msimamizi wa wauguzi akasoma, akaniambia, "Usiandike mengi zaidi ya hapo." Daktari akatia sahihi akiwa amesimama. Kisha mimi, kwa mdomo huu unaokuombea dua, nikatoka nje kwa Bi Mwanasiti nikamwambia ugonjwa ulikuwa mkubwa. Akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Umefanya ulichoweza, umetuokolea mtoto, atachukua jina lako." Nikanyamaza. Kwetu wajina ni karibu ndugu, hupelekeana zawadi, huzikana. Nami nilijipatia ndugu kwa nukta za uongo.

Watakaokufundisha watakwambia, na kwa haki, kwamba wanawake wa kifafa cha mimba hufa hata wakipewa kila kitu. Pengine Mejumaa angekufa. Hilo "pengine" nimelilalia miaka mitano kama mto, nikaligeuza upande huu, nikaligeuza upande ule, na halikupata kuwa laini.

Namkasirikia yule daktari? Sana. Kila nikipita hoteli zile za Diani namwona anakula kamba. Namkasirikia msimamizi na kalamu yake fupi. Mzee Salim, Mungu amrehemu, nimeshindwa kumkasirikia, ingawa nimejaribu. Lakini sikushikwa mkono na yeyote. Nilikuwa na neno moja la kusema, "Bado," nikaona haya kulisema kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Mwanamke mzima! Baba'ko nimembishia mambo elfu tangu anioe, mengine hata sikuwa nayaamini, ila siku iliyohitaji ubishi ndiyo niliyokuwa na adabu.

Na wewe pia nilikukasirikia Alhamisi, bila haki yoyote. Ulisimama pale umejaa fahari na ukaisema ile mbio yangu kama urithi. Nikajiona namkabidhi mtoto wangu kisu kwa kumwelekezea makali.

Nikuchekeshe kidogo. Unaijua ile miwani yangu mnayonikejeli, wewe na baba'ko, kwamba naitafuta hali imo usoni? Macho yangu ni mazima. Baada ya Mejumaa nilianza kwenda polepole. Nampa mgonjwa dawa, nangoja, napima, nangoja. Hospitali niliyohamia wakaanza kuniita Mama Kobe. Nami badala ya kusema sababu, nilikwenda Ukunda nikanunua miwani kwa mchuuzi, vioo vitupu, ili watu waseme, maskini, uzee. Basi huyo ndiye shujaa wako: mwanamke mwenye vioo vya dirisha usoni, anayeogopa kuulizwa kwa nini anafanya kazi yake vizuri.

Leo asubuhi niliwaambia nakwenda kwa fundi wa nguo. Nilikwenda Munje.

Nilimkuta Bi Mwanasiti nyuma ya nyumba, amekalia mbuzi anakuna nazi. Mtoto alikuwa ameshakwenda madrasa, nilihesabia hivyo. Nikamwamkia, akaniitikia, tukaulizana hali za nyumbani, za mguu wake, za safari yako. Akaniambia, "Mwambie Saumu asisahau kutuandikia." Kisha akanitazama. "Somo ya mjukuu wangu, mbona umekuja bila kuitwa? Kuna msiba?"

Nikamwambia. Sikukaa, nilisema nimesimama, kama mtu anayesoma tangazo. Mchezo, na tisa, na sirinji, na karatasi. Nikamwambia akitaka kwenda kwa wakubwa, kwa chifu, kwa wakili, mimi nitakuwa shahidi wa kwanza, na nitasema hivi hivi.

Alikuwa ameacha kukuna. Akaniuliza, "Hiyo dawa ilitaka dakika ngapi?"

"Tano, Bi."

"Una saa hapo?"

"Ninayo."

"Kaa. Zihesabu."

Nikakaa kwenye gogo. Akarudi kwenye nazi yake. Saumu, mimi kazi yangu ni dakika, nimeishi nazo, lakini zile sikuwahi kukutana nazo. Katika ya kwanza nilisikia mbuzi inakwaruza tu. Katika ya pili kuku walikuja kudonoa chini ya sinia, akawafukuza kwa mguu. Katika ya tatu jirani alipita akatuamkia, tukaitikia wote wawili, vizuri kabisa, akaenda zake. Katika ya nne kifuu kiliisha, akachukua kingine. Katika ya tano hakufanya kitu. Alishika kifuu mapajani akatazama mbele.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha."

"Ndizo hizo tu?"

"Ndizo hizo."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeulizia bei sokoni akakuta ni ndogo hivyo. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Akasema, "Jina la mtoto silitoi. Amelizoea, na halina kosa. Lakini kila nitakapomwita, najua sasa ninamwita nani." Kisha: "Idd usiningoje. Nikitaka kukuona nitakutafuta. Na huyo mtoto akikua, wewe ndiwe utakayemwambia. Usinitume mimi."

"Nitamwambia, Bi."

"Haya. Nenda, jua linapanda."

Nikaenda. Nilipofika kwenye minazi ya kwanza nikasikia mbuzi inaanza tena kukwaruza.

Sijapata ahueni, usidhani. Wanaosema ukweli huutua mtu mzigo hawajapata kuusema kwa Bi Mwanasiti. Bado nina hasira, na nimeamua kukaa nayo, maana iliponitoka ndipo nilipokuwa nikionyesha watu kwa mwiko na chupa. Lakini nilijua siwezi kukupandisha basi kesho ukiwa na yule mama wa Alhamisi kichwani. Yule ni hatari. Ungekwenda ukimfuata.

Kwa hiyo sikukatazi kazi hii. Nakutakia uipende. Utakuwa na mkono mwepesi, nimekuona ukitunga shanga, na kuna siku wepesi huo utamwokoa mtu asiyeweza kupumua. Siku hiyo kimbia. Siku nyingine zote, zebaki itazame kabla, itazame baada, na nukta itie pale ilipo hata kama inakuaibisha. Na miwani yangu nimeiacha juu ya kabati. Mpe baba'ko aivae akisoma barua zako, itamfaa kwa madoido.

Saa yangu ya mkononi iko mfuko wa pembeni wa sanduku lako, ndani ya soksi. Ni ile aliyoninunulia baba'ko, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Ndiyo niliyohesabia Munje. Utasimama siku moja thietani umeshika sirinji, mtu mkubwa kuliko wewe yuko mlangoni mikono juu, na chumba kizima kitacheka, nawe utaona haya usoni mpaka masikioni. Itazame saa. Wakikuuliza kwani leo umelala, waambie:

"Bado dakika tatu."

Mama yako,
Mwanakombo